Leo Nimelinda Duara la Baba Kabula

Leo nimejiaibisha, na sikuhitaji msaada wa mtu. Nimefanya mwenyewe, kwa mdomo wangu, mchana kweupe, mbele ya wanaume nisiowajua hata majina. Nawaambia mapema kwa sababu lori nililorudi nalo lilikuwa na watu wa hapa Nyasubi, mjini Kahama, na kesho habari itafika sokoni kabla sijawasha moto. Afadhali mniseme nikiwa nimeshajisema.

Mnajua Baba Kabula aliondoka kwenda Bulyanhulu kuchimba dhahabu mtoto akiwa hajaanza hata kukaa. Sasa Kabula anakimbia. Tena kila mwanamume anayekuja kula kwenye kibanda changu anamwita baba, na wateja wengine wamehamia kwa Mama Rehema kwa sababu hiyo (wake zao wakisikia, nani atawatetea?). Mwanzoni mume wangu alikuwa anatuma salamu. Mara sukari, mara kipande cha sabuni, mara dereva ananiambia tu, "Maganga anasema yupo." Nilikuwa naridhika. Kisha kukawa kimya, na simu pekee ninayoijua mimi ni ile ya posta, ambayo ukitaka kuongea na mtu wa machimboni ni sawa na kuongea na ukuta.

Aliyeleta lile neno nyumbani ni wifi yangu Nyamizi. Dada yake Baba Kabula, tumbo moja. Alikuja wiki iliyopita, akala ugali wangu, akanywa maji yangu, akajifuta mdomo, akasema, "Wifi, kubali tu. Umetelekezwa."

Neno lile sikulipenda. Kuachwa nakuelewa. Kuachwa kuna maneno, kuna kikao, kuna wazee wanaokohoa na kujadili ng'ombe. Mtu aliyeachwa anajua siku aliyoachwa. Lakini kutelekezwa hakuna hata kikao. Unabaki ulipowekwa, kama beseni lililosahaulika mtoni, na wewe ndiye wa mwisho kujua.

Nikamwambia, "Wifi, Baba Kabula amechelewa. Kuchelewa si kutelekeza."

Wifi akasema, "Haya," kwa ile sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa.

Kwa kuwa mimi nina ubishi (mnanijua), neno hilo nililipeleka kibandani kesho yake. Kulikuwa na dereva wa malori, wale wanaopakia Isaka kwenda Rwanda, anakula wali maharage. Nikamuuliza, kwani kutelekeza maana yake nini hasa. Akatafuna, akafikiri.

"Mama Kabula, chukulia gari limeniharibikia porini," akasema. "Nikienda mjini kutafuta spea, gari sijalitelekeza. Hata nikikawia. Lakini nikifika mjini nikapata gari jingine, nikawasha, nikaondoka, hapo nimelitelekeza."

"Na lile gari litajuaje kwamba unatafuta spea?"

Aliomba aongezewe maharage.

Ningeendelea kubishana hivyo hivyo mpaka uzee. Ila juzi baba yangu mzazi ametuma ujumbe kutoka kijijini kwamba Jumapili anakuja na mkokoteni wa ng'ombe kunichukua mimi, mtoto na vyombo. Ameambiwa binti yake ametelekezwa mjini. (Nyamizi huyo, nani mwingine.) Kwa baba yangu, mke aliyetelekezwa hurudi kwao, na mambo ya mahari wanaume watakutana kuyazungumza baadaye. Ujumbe wake ulimalizika hivi: kama mume yupo, mwambieni awepo Jumapili anione.

Basi leo Ijumaa nimeamka, nimemwacha Kabula kwa Mama Rehema, nimevaa lile gauni langu la bluu, na nimepanda lori la unga linalokwenda Bulyanhulu. Nimejipaka na mafuta ya nazi. (Nilikuwa juu ya magunia ya unga. Nimefika nikiwa mweupe kama mgeni wa serikali.)

Juu ya lori nilikaa na mchimbaji mmoja mcheshi, akinielezea maisha ya kule. Ndiye aliyenitia sumu, ingawa hakukusudia. Nilimuuliza, mtu akitaka kupumzika, duara lake si litachukuliwa? Duara ndilo lile shimo wanaloshukia kuchimba. Akacheka, akaniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Huwezi kumchukulia mtu duara lake hivi hivi, mayu. Mwenyewe akitoka, anachomeka mti mdomoni mwa shimo, anatundika shati lake. Shati likiwepo, duara lina mtu. Hajalitelekeza. Ukiingia, mwenyekiti wa kambi anakufukuza."

Jamani, nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu mvua za mwaka jana. Kumbe wachimbaji wenyewe wana sheria. Kumbe mtu anaweza asionekane, asisikike, na bado asiwe ametelekeza. Nikajiambia, Nyamizi angekuwa hapa asikie.

Tukafika. Mliozoea machimbo mnajua kulivyo: vumbi, maturubai, redio zinapiga kila moja wimbo wake, na kila baada ya hatua chache shimo. Nikauliza kwa Maganga wa Kahama. Wa kwanza hamjui. Wa pili anamjua Maganga mwingine, wa Tarime. Wa tatu akanyoosha mkono kule juu karibu na mwamba, akasema, "Maganga alikuwa upande ule."

Sikulisikia hilo "alikuwa". Miguu ilishatangulia.

Nilipanda. Nikazunguka mawe. Nikaona kiuzio cha magunia, ndani yake mdomo wa shimo umepangwa miti kama maduara yote niliyoyapita njiani. Na mbele ya kiuzio, mti umechomekwa. Na juu ya mti, shati.

Si shati lolote. La kijani, mfuko wa kifuani umechanika na kushonewa kiraka cha kitenge chenye kuku. Kitenge hicho nilikinunua duka la Kihindi pale stendi, na kiraka hicho nilikishona mimi, kwa mkono, usiku ule kabla hajaondoka, yeye akinishikia kibatari na kunisumbua nisimalize. Kuku wangu mmoja amekatika kichwa kwenye mshono. Ningemtambua popote.

Nikaketi juu ya jiwe. Yupo. Hajalitelekeza duara. Yumo humo chini, anachimba. Nikasikia hata sauti yake, mguno kama wa mtu anayenyanyua kitu kizito.

(Harufu nayo niliisikia. Mtaniuliza. Nilidhani ni baruti.)

Sikutaka kumshtua mtu akiwa shimoni, nikaamua nimsubiri. Haikuchukua muda akaja mwanamume mmoja, mkononi ana kopo la maji, anakwenda moja kwa moja kwenye kiuzio. Nikasimama.

"Kaka, unakwenda wapi?"

"Humo, mama."

"Huoni shati? Kuna mtu."

Akalitazama shati, akanitazama mimi. "Sawa," akasema, akasimama pembeni. Nikafurahi, nikaona sheria yao inafanya kazi. Akaja wa pili, naye nikamsimamisha. Akaja wa tatu, mzito mzito, uso umemkunjamana. Wakapanga mstari. Nikaanza kupata wasiwasi. Nikajiambia, hawa wamesikia duara hili lina dhahabu, wanasubiri mume wangu achoke ili walichukue.

Nikawaambia kwa sauti, maana woga wangu huwa unatoka kwa sauti: "Jamani, kama mnangoja atoke muingie, mtangoja sana. Mume wangu yumo, na hana haraka."

Wakatazamana. Yule wa kwanza uso ukamlainika kwa heshima.

"Kumbe wewe ndiye mke wake? Karibu, mayu. Pole na safari. Mvumilie tu, tangu jana anateseka humo."

"Najua anateseka," nikasema. "Kazi ya humo si ndogo."

"Si ndogo," wakaitikia wote, tena yule wa tatu kwa uchungu mkubwa kuliko wenzake.

Basi wakaniachia nafasi, kama inavyofaa mke wa mtu. Na mimi, nikiwa nimeshaheshimiwa, nikaona sina sababu ya kusubiri zaidi. Nikasogea kwenye magunia. Nikasema taratibu, "Baba Kabula."

Nikasogeza mdomo karibu zaidi.

"Baba Kabula, ni mimi."

Mguno mdogo. Nikaujua ni wa aibu. Huyu ni mtu ambaye akikosea huwa hasemi, hugugumia tu mpaka nimuanze mimi. Nikamuanza.

Hapa ndipo ningeomba mtu anizibe mdomo, na hakutokea.

Nilimwambia asiogope, sikuja kugombana. Nilimwambia Kabula anakimbia, ana meno, na ana kichwa kigumu kama cha kwao. Nilimwambia sijali kama hajapata kitu. "Rudi mikono mitupu," nikasema, "mikono yenyewe ndiyo niliyoifuata." Nilimwambia bado nalala upande wangu wa kitanda, ule wa ukutani, upande wake siugusi, na mtoto akiuingilia namrudisha. Nikamwambia mvua ikipiga bati huwa nasikia kama anavua viatu mlangoni, naamka, nasimama hapo gizani kama mwehu. Nikamwambia namtamani. Ndiyo, nilisema. Kwa neno hilo hilo. Nikataja na mambo mengine ambayo hapa siyarudii kwa sababu Mama Rehema ni mtu wa kanisa.

Kila nikituliza pumzi, ndani mguno. Nikaona anaguswa.

Nilipogeuka kujifuta machozi, mstari umekuwa mrefu. Na hakuna aliyekuwa anacheka, hilo niwape haki yao. Walikuwa wametazama chini, wameshika makopo yao kwa mikono miwili. Hata yule wa tatu alikuwa ametulia, ingawa kwake nadhani ilikuwa ni juhudi.

"Watu wanasema umenitelekeza," nikamalizia, nikielekea magunia. "Mimi nimekataa. Nimewaambia mtu akiacha shati lake hajaondoka. Toka basi, Baba Kabula. Toka tu nikuone."

Gunia likasogezwa. Akatoka mzee.

Mzee kabisa, wa umri wa baba yangu. Kidevu cheupe, suruali inafungwa kwa kamba, mkononi kopo lisilo na maji. Amedhoofika kwa tumbo la kuhara, na machozi yanamtoka. Tukatazamana. Na mimi, kwa kuwa nimelelewa vizuri, neno pekee lililonitoka ni, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Mimi ni Nkwabi. Nimesikia yote. Pole sana."

Nyuma yake, gunia likiwa wazi, nikaona ndani. Nikaona miti, nikaona nafasi ya kuweka miguu, nikaona nzi. Jamani, nimelinda choo. Nimesimama mlangoni mwa choo cha wanaume wa kambi nzima, kambi ambayo wiki hii maharage yake yalikuwa mabovu, nikiwazuia watu kuingia na kumwaga moyo wangu kwa mzee anayehara.

Yule wa tatu alinipita mbio bila kuomba radhi. Hapo ndipo kicheko kilipolipuka. Walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Ilinijia kuingia mwenyewe kwenye lile shimo, lakini lilikuwa na mtu.

Mzee Nkwabi hakucheka. Alinivuta hadi kivulini kwenye turubai lake, akanipa maji.

"Nilitaka kukukatiza mwanzoni," akasema. "Nilipokusikia unamwita mwenzio. Halafu nikasema, ngoja kidogo nisikie. Tangu nioe sijaambiwa maneno ya namna hiyo. Nisamehe."

Nikamwambia nimemsamehe. Ningefanyaje? Nikamuuliza shati lilifikaje chooni.

Akaninyooshea duara lililo ng'ambo ya mwamba, la kweli hilo, lenye kamba na ndoo. Lilikuwa la Maganga. Maganga alichomeka mti wake, akatundika shati, akasema anakwenda kuangalia upande wa Geita ambako watu walikuwa wanakimbilia, kumesikika dhahabu mpya. Wakasubiri. Shati likanyeshewa, likakauka, likanyeshewa tena. Mwisho mwenyekiti wa kambi akaita watu, akasema mbele ya wote kwamba duara limetelekezwa, apewe mwingine. Akapewa yeye, Nkwabi. Na shati, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kulivaa wala kulitupa, likapelekwa chooni. Anayeingia analitundika, anayetoka analishusha. (Mzee alikuwa hajapata nafasi ya kulishusha.)

"Aliondoka vizuri?" nikauliza. "Hakuwa mgonjwa?"

"Mzima kabisa. Alisema harudi Kahama mikono mitupu, anaona haya."

"Alisema atarudi lini?"

"Hakusema, mwanangu."

"Kwa hiyo duara alilitelekeza."

"Duara alilitelekeza."

"Na mimi?"

Mzee Nkwabi akatazama kopo lake. "Hapa tuna sheria ya maduara tu," akasema.

Nimekaa pale kivulini nimelia kidogo. Si sana, wanaume walikuwa wengi. Nimelia kwa sababu nilikuwa nimemsikia, mnaelewa? Ule mguno nilikuwa nimeuamini. Kwa muda ule mfupi mume wangu alikuwa nyuma ya gunia, mkono tu ungefika, na nilikuwa nimeshaanza kupanga jioni nitapika nini.

Nilipoinuka kwenda kusubiri lori, yule wa kwanza wa mstari akanifuata. Hakuwa anacheka tena. Akasema anaitwa Luhende, mke wake anauza vitumbua stesheni ya Isaka, kama nikipita kule nimwambie hajamtelekeza, anatafuta tu. Sijamaliza kuitikia, akaja mwingine. Mke wake yuko Kahama, nimwambie hivyo hivyo. Akaja mwingine, Shinyanga mjini. Mwingine alitoka chooni moja kwa moja akaja, bado anajifunga mkanda. "Mayu, mwambie sijamtelekeza." Wote neno moja. Tangu vyama viwe vingi sijaona mkutano wa watu wenye msimamo mmoja namna ile.

Mwanzoni nilipokea. Kisha nikakasirika. Nikawageukia.

"Kwani mimi ni posta? Nani amwambie mke wako kwamba hujamtelekeza, mwanamke mgeni aliyekuwa analinda choo? Nenda ukamwambie mwenyewe."

Luhende akauliza, chini chini, "Yale uliyoyasema pale, na wangu anaweza kuwa anayasema?"

"Ukiwa hapa huwezi kujua," nikamjibu. "Na mimi wangu hajui."

Lori lilipopiga honi, wanaume watatu walipanda. Hawakuaga, hawakuchomeka mti popote. Mmoja alikuwa hajanawa hata tope. Luhende alikuwa miongoni mwao. Njia nzima tulishikilia magunia matupu yasiruke.

Yule mwenye tope ni wa hapa hapa Nyasubi, nyuma ya mashine ya kusaga. Aliogopa kwenda peke yake, nikamsindikiza. Mke wake alikuwa anachambua mchele mlangoni. Alimwona. Aliweka ungo chini, akampokea kifurushi, akaingia ndani kumletea maji ya kunywa. Basi. Nilisubiri wagombane, hawakugombana. Alipotoka na maji alikuja mbio mbio, nusu yakamwagika, na yule bwana akanywa yaliyobaki kama dawa. Mimi nilisimama barabarani muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Kwa hiyo hiyo ndiyo habari yangu. Asubuhi nilikwenda kumfuata mume mmoja, jioni nimerudi na watatu, wote wa watu.

Jumapili baba akija nitampikia kuku, na nitamwambia ukweli: sijamwona, yuko Geita au mbele ya Geita, ni mzima, anaona haya. Akisema nimetelekezwa, nitamwambia hilo neno hutangaziwa maduara, kwa sababu duara halina mdomo wa kukataa. Mimi ninao, na leo machimbo yote yameusikia. Na wiki ijayo kuna lori la Geita, nimeshaulizia.

Sasa chekeni, najua mmejizuia tangu kule kwenye foleni. Ila ambaye mume wake yumo ndani leo, naomba acheke polepole.